Figo Zangu na Mafuta ya Shangazi

Admin, nifichie jina, huku Tanga tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 26, nimeolewa, naishi Usagara. Mama alifariki nikiwa mdogo kule Maramba, nikalelewa na shangazi. Yeye hupamba maharusi, na mafuta ya kung'arisha ngozi huyachanganya mwenyewe. Mie nayapaka tangu harusi yangu.

Mwaka huu nikaanza kuamka macho yamevimba. Miguu ikajaa, mkojo ukawa na povu kama la sabuni. Mume wangu akafurahi, akidhani ni mimba. Hospitali wakasema figo zinavujisha protini, na sina kisukari wala presha. Nikapewa rufaa nje ya mkoa, nikatolewe kinyama cha figo kikaangaliwe kwa hadubini.

Jamani, niliogopa! Nililazwa kifudifudi, nikachomwa ganzi mgongoni. Daktari akasema, "Bana pumzi, usitikisike." Nikasikia "ta!", nikapiga shahada kimoyomoyo. Kungoja majibu ndiko kulikonimaliza. Nikipika nalia, nikiswali nalia.

Siku ya majibu daktari alisema vichujio vya figo vimeharibika kwa namna asiyoiona mara nyingi. Akanitazama uso uliong'aa, kisha vidole vilivyobaki vyeusi kwenye vifundo. "Dada, unajipaka nini?" Nikampelekea kikopo cha mafuta ya shangazi. Kupimwa, mafuta yamejaa zebaki, na kwenye mkojo wangu imo. Akaniambia niyaache, nianze dawa, huenda figo zikapona. Huenda.

Nikampigia shangazi. Nilipotaja zebaki, hakuningoja nimalize. "Nimepamba maharusi wa mji mzima, wewe peke yako ndiwe uliyeugua? Ukilitoa neno hilo nje, usinijue tena!"

Kinachonitetemesha sasa ni binti yake. Amewekwa ndani, anaolewa Ijumaa hii, anapakwa mafuta yaleyale asubuhi na jioni. Jana alinipigia akicheka, "Dada, viatu vya harusi haviniingii, miguu imevimba! Mama asema ni kwa kukaa tu." Nilimsikia shangazi pembeni yake, nikaaga haraka.

Nikisema, nampoteza mama pekee niliyebaki naye, na harusi pengine itavunjika mbele ya watu. Nikinyamaza, nitamwona mdogo wangu akilazwa pale nilipolazwa mimi, au pabaya zaidi.

Mume wangu asema twende leo. Nimeshavaa baibui, nimekaa kitandani. Ndugu zangu, niambieni: nikifika mlangoni kwa shangazi, nianze na neno gani?