Meli Iliyopanda Mlima

Mke wangu Asnath ndiye mtu pekee wa kijiji chetu huku Upare aliyeuona Mfereji wa Panama, na mpaka leo habari zake hataki kuzisikia.

Mwaka themanini na saba sabuni tulikuwa tukiigombania kwenye foleni, sukari ndiyo usiseme. Asnath alikuwa akimuuguza bibi mmoja Mzungu, mwalimu mstaafu aliyeishi Same mjini, miguu yote imekufa. Bibi akataka kutembea kwa meli ya watalii kabla hajafa, na wa kumsukumia kiti cha magurudumu ni Asnath. Mimi niligoma, mke wa mtu akazurure baharini kutafuta nini? Asnath naye alisita, ila kwa sababu nyingine. Baba yake, Mzee Hezroni, alikuwa mgonjwa wa kifua na kila siku anapungua.

Mzee ndiye aliyekata shauri. Alikuwa mlinzi wa ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia: jioni analiziba, maji yanajaa usiku, asubuhi anazibua, kila shamba kwa zamu yake. Aliposikia kuna mfereji unaopandisha meli mlimani, akaketi wima kitandani.

"Maji hayapandi, mwanangu," akasema. "Nenda ukaone wanafanyaje, uje uniambie. Nitakungoja."

Basi akaenda. Siku ya mfereji Wazungu walijipanga na kamera zao, wakapiga picha mbili tatu, wakarudi ndani kunywa. Asnath aliganda pale juani. Meli iliingia kwenye chumba cha zege, lango likafungwa nyuma yake, maji yakaingia taratibu kutoka ziwa lililoko juu, bila pampu, na meli nzima ikainuka na watu wake. Asnath akacheka peke yake. Kumbe hakuna aliyepandisha maji! Walikuwa na ndiva yao huko juu, wanaziba na kuzibua, kama Mzee. Tangu hapo alikuwa akipanga maneno ya kumwambia baba yake, na safari akaiona haiishi.

Alipofika Same akadandia lori la kupanda milimani. Kwenye kona ya mwisho, mchana, ndiva ikaonekana imejaa pomoni.

"Dada, nyie mna maji," akasema mama mmoja mgeni aliyekaa naye juu ya magunia.

Mchana ndiva huwa tupu, matope matupu. Kwetu siku pekee isiyozibuliwa ni siku ya kuzika, maana hakuna anayeshika jembe. Asnath akaanza kulia palepale, na yule mama asijue kamkosea nini.

Alitukuta tunatoka kaburini. Mama yake, Koleta, akamvuta akamkalisha mkekani.

"Kila asubuhi alikuulizia," akamwambia. "Juzi alihangaika sana, hataki kulala, anangoja tu. Nikamhurumia, mwanangu. Nikamwambia umetuma salamu, kwamba ule ulikuwa uongo, hakuna meli inayopanda mlima. Akasema, 'Nilijua.' Akageukia ukutani, akapumzika. Si nilimwambia sawa?"



"Ndiyo, mama," akasema Asnath. "Ulimwambia sawa."