Boti ya Hawo na Mafuta ya Mkia

Mwaka wa sitini na sita, kila mtu Masalani alikuwa na lake la kumnyima usingizi. Mwingine mifugo, mwingine wanajeshi, mwingine kijana wake aliyeingia msituni bila kuaga. Hawo alikosa usingizi kwa ajili ya boti ya mpira. Msimcheke. Mngekuwa mmeiona mngenyamaza.

Ilikuja na yale mafuriko makubwa ya sitini na moja, Tana ilipofura ikameza mashamba mpaka watu wakauliza mto wenyewe uko wapi. Serikali ilileta boti za kujaza upepo ili igawe chakula, na maji yalipopungua zile zilizochakaa zikauzwa. Nunow, mume wa Hawo, akaenda Garissa na ngamia madume wazuri, akarudi na punda aliyebeba furushi la mpira wa kijivu, na juu yake injini ndogo ya kubandika nyuma, imeviringishwa kwenye gunia kama mtoto mchanga. Hawo alimsema mchana kutwa. Ngamia kwa kiriba! Hata kama ni kiriba kikubwa, ngamia kwa kiriba! Nunow aliijaza upepo kwa pampu ya mguu, akamkalisha mkewe mbele, akavuta kamba ya injini, akamfikisha ng'ambo na kumrudisha. Siku hiyo Hawo aliacha kusema. Mwaka uliofuata homa ikamchukua Nunow, binti zao walikuwa wameshaolewa mbali, Griftu, na nyumbani wakabaki wawili: Hawo na boti.

Wengine wangeiuza. Hawo akajifunza kuiendesha. Kila asubuhi alivusha wanawake wa maziwa kwenda upande wa mashamba, wakabadilishane maziwa kwa mahindi na ndizi, na mchana akawarudisha. Mdomo mkubwa kuliko yote katika abiria hao ulikuwa wa Kaaha, mkongwe ambaye wote walimwita Eeddo, yaani shangazi. Kaaha hakuipenda boti hata siku moja. Kila akipanda alishika kamba ya pembeni kwa mikono miwili na kusema, "Hii si chombo, hii ni tumbo la mtu aliyekula maharage." Kisha alikaa, akavuka, na kesho yake akarudi kuitukana tena.

Vita kati ya serikali na wapiganaji wa msituni vilipokolea, amri ikaja kwamba mitumbwi yote ya upande huu ipasuliwe, wapiganaji wasipate cha kuvukia. Mashoka yakafanya kazi siku nzima. Askari walipofika kwa Hawo wakamkuta Musyoka amesimama mbele ya boti.

Musyoka alikuwa fundi wa pampu ya maji pale kituo cha polisi, Mkamba mrefu mwenye kofia isiyotoka kichwani. Injini ya Hawo aliipenda tangu siku aliyoisikia ikikohoa mtoni akashindwa kuvumilia, akateremka bila kuitwa, akafungua plagi, akaisugua kwa msasa, akairudisha. Tangu hapo ikawa desturi yake kuja kila Jumapili akitoka kusali. Mwanamke wa Kisomali na mwanamume wa bara, wakati ule ambapo watu wa pande hizo mbili walitazamana kama paka na mbwa, wameinama juu ya bakuli la mafuta machafu wakibishana kuhusu pini ya pangaboi! Watu walisema. Acha waseme.

"Hii boti naitengeneza mimi," Musyoka alimwambia Inspekta Kinoti, mkubwa wa kituo. "Wakiikosa hawa kina mama watalala njaa. Mimi nasimama dhamana."

Inspekta Kinoti hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa saa. Akasema boti ibaki kwa sharti moja. Ikifika saa kumi na mbili jioni iwe imefungwa mbele ya kituo, na kila aliyevuka ameshuka. Siku isipokuwapo, itachomwa. Na ikionekana majini baada ya saa hiyo, askari hawatauliza ni ya nani, watafyatua. Hawo alielewa vizuri. Musyoka alielewa zaidi, maana dhamana ni shingo ya mtu.

Basi wakaitunza. Musyoka alimfundisha kuosha mchanga sakafuni kila jioni, kwa sababu mchanga unakata mpira polepole kama panya. Alimfundisha kupunguza upepo jua likiwa utosini na kuuongeza jioni, kuchanganya petroli na mafuta ya injini kwa kipimo, kuchokoa tope kwenye tundu la kupitishia maji ya kupoza. Palipotoboka alisugua kwa msasa, akapaka solusheni, akabandika kiraka na kukikandamiza kwa jiwe. Hawo alishika yote. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, p zake zikitoka b, lakini plagi aliifungua haraka kuliko wengi waliosema Kiswahili safi.

Jambo moja tu hakumwambia fundi, na si kwa hila, jamani. Ni kwamba halikumpitia akilini kuwa ni jambo la kusema.

Hawo alizaliwa katika nyumba ya ngamia. Kule, kiriba, ile ngozi ya kubebea maji, isipopakwa mafuta hukauka, ikikauka hupasuka, na ikipasuka jangwani watu hufa. Mama yake alimfundisha hivyo kabla hajamfundisha kufunga shuka. Sasa wewe mwambie mwanamke kama huyo kwamba kitu kinachobeba watu juani kutwa hakihitaji mafuta! Kila Alhamisi, akishamaliza kuosha, Hawo alichukua mafuta ya mkia wa kondoo, yale mazuri ya kuwekea wageni, akayayeyusha, akaipaka boti kuanzia puani mpaka nyuma kwa kiganja chake, akiiimbia. Boti iling'aa. Wapita njia waliisifu. Musyoka mwenyewe alipitisha kidole akasema, "Mama, unaitunza kweli," na Hawo akafurahi wiki nzima.

Kumbe mafuta yanakula mpira. Yanaulainisha, yanaingia chini ya kiraka, na solusheni haishiki tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini huyu hata hakuwa ameambiwa. Alikosea kwa sababu alipenda.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua za vuli, mto umejaa na una kasi. Walivuka salama, wakabadilishana vyao. Mchana wakiwa tayari kurudi, Hawo akaisikia boti ikipumua. Kiraka kikubwa cha ubavu wa kulia kilikuwa kinaning'inia kama sikio la mbuzi. Akatoa msasa, akasugua, akapaka solusheni, akabandika, akakandamiza. Kikateleza. Akafuta kwa kanga, akabandika tena. Kikateleza. Akaona vidole vyake vinang'aa mafuta, na hapo hapo akaelewa. Sabuni hakuwa nayo. Jua lilikuwa limeshainama.

"Tulale huku," mmoja akasema.

"Boti ichomwe?" Hawo akajibu. "Na fundi wa watu afungwe?" Hakuongeza kwamba huku nako doria ilipita usiku, na haikuwa na salamu. Kila mmoja alijua.

Ni Kaaha aliyetoa shauri, tena kwa hasira. "Mnatazama nini? Vyombo vyetu si vitupu?" Vyombo vyao vya maziwa vilisukwa kwa nyuzi za mizizi, vikabana hata tone lisitoke, na chombo kisichotoa maziwa hakiingizi maji. Wakaziba midomo yake kwa vizibo, vifuniko vya juu wakabaki navyo, wakavifungasha vyombo kwa kamba kwenye ule ubavu uliokufa, kimoja baada ya kingine. Boti ikanyanyuka. Haikuwa ya kupendeza, lakini ilielea. Wanawake wakapanda, Hawo akavuta kamba, injini ikaitika mara moja, Mungu aibariki.

Mpaka katikati ya mto walikwenda vizuri. Kisha nyuma ikaanza kuzama. Kule nyuma ubavu wa kulia ulikuwa umelegea kabisa, na injini ilikaa pale pale, chuma kitupu, ikivuta ubao wake chini. Maji yakaingia. Wakakomba kwa vifuniko na kwa viganja, wakamwaga mahindi na ndizi mtoni, yakaingia zaidi. Maji yalikuwa yamezidi unga. Ng'ambo Hawo aliwaona askari wamejipanga ukingoni, na mtu mrefu mwenye kofia akipunga mikono yote miwili.

"Wepesi unatakiwa," Kaaha akasema. Sauti yake haikuwa ya matusi sasa. Alikuwa ameshaachia ile kamba ya pembeni. "Mimi nimekula miaka yangu, Hawo. Watoto wangu wana watoto. Nishushe."

Hawo alimtazama kikongwe yule, kisha akaitazama injini. Ilikuwa inanguruma vizuri, masikini, haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mkono wake mwenyewe. Nunow aliitoa Garissa kwa ngamia zake. Fundi aliifungua na kuifunga mpaka akaijua kama jina lake. Hapakuwa na nyingine Masalani, na hapangekuwa nayo.

"Kaa chini, Eeddo," Hawo akasema, "kabla sijakupiga kofi mbele ya watu."

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Akazima injini. Akalegeza skrubu ya kwanza ya kubania, akalegeza ya pili, akaikumbatia kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akaiachia. Ilizama bila hata povu la maana. Nyuma ya boti ikainuka, na wanawake wakapiga makasia kwa vifuniko, kwa mikono, Kaaha akiwahesabia mapigo na kumtukania mama yake kila aliyechelewa.

Musyoka hakungoja wafike. Aliingia majini mpaka kifuani, na mamba wa Tana anawajua vizuri, akashika pua ya boti akaivuta nchi kavu. Wanawake wakashuka, wengine wakibusu mchanga. Inspekta Kinoti alitazama saa yake, dakika chache zimeshapita, akatazama wanawake, akatazama vile vyombo vya maziwa vilivyofungwa ubavuni.

"Wote wamefika?" akauliza.

"Wote, afande," Musyoka akasema.

"Basi imefika." Akawaambia askari washushe bunduki, akaondoka, na jambo la kuchoma halikutajwa tena.

Musyoka akazunguka nyuma ya boti. Akaona ubao mtupu. Akapitisha kidole kwenye mpira pale kiraka kilipotoka, akakinusa.

"Mafuta," akasema.

"Ya kondoo," Hawo akasema.

"Mama! Nani alikwambia upake mafuta?"

Hawo alisimama na nguo zinazochuruzika maji, mikono haina pa kwenda. "Hakuna mtu alisema. Kiriba bila mafuta inabasuka. Mimi hii boti nabenda, fundi."

Musyoka alifungua mdomo agombe, na angekuwa na haki. Badala yake alivua kofia, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, akasimama hivyo, kisha akaenda zake njia ya kituoni akiwa amelowa.

Hawo akajifungia nyumbani. Hakupika, hakutoka. Siku iliyofuata wanawake wa maziwa wakaanza kuja, mmoja mmoja, kila mmoja amefunga kitu kwenye pindo la shuka: majani ya chai, sukari, tende. Walikaa kwenye mkeka migongo ukutani, kama mnavyokaa nyumba yenye msiba. Hakuna aliyewaita na hakuna aliyeona ni kichekesho. Kaaha aliliwasha jiko mwenyewe, akamkaripia Hawo kwa kuweka kuni mbichi, akaongoza dua ya kumshukuru Mungu kwa roho zilizofika. Jioni viatu vya mwanamume vikasikika nje, vikasimama, vikavuliwa. Musyoka akaingia kichwa wazi, kofia kifuani. Hakujua pa kukaa. Wakamsogezea nafasi karibu na mlango. Walipoinua mikono, naye akainua yake, Mkristo wa watu, akaifungua wazi kama walivyofanya wao.

Dua ikaisha. Musyoka akakohoa.

"Ile injini," akasema, "haikuwahi kunisumbua. Hata siku moja. Nilikuwa nikiifungua Jumapili si kwa sababu ni mbovu. Nilikuwa napenda tu kuja."

Hawo akaficha uso kwenye shuka. Kule mtoni hakulia, ukingoni hakulia. Sasa mabega yakamtikisika.

Kaaha hakujua Kiswahili hata cha kuomba maji. "Anasema nini huyu?" akauliza kwa Kisomali.

"Anasema pole," Hawo akamjibu.

Kikongwe akamtazama Musyoka juu mpaka chini, kwa jicho lile lile alilokuwa akiitazamia boti. "Mwambie pole na yeye," akasema. "Mimi ndiye niliyepona, nyinyi wawili ndio mliofiwa."

Hawo akamtafsiria, neno kwa neno. Musyoka akainamisha kichwa, akashindwa kukiinua. Kaaha akajikokota mpaka pale mlangoni, akammiminia chai, akatia sukari, akaongeza, akaongeza tena, na alipoona kikombe kinatetemeka mkononi mwa fundi akakishika naye kwa chini mpaka alipokimaliza.