Pikipiki Niliyoifunga Nyuma ya Gari

Msinihurumie. Nawaomba mapema, kwa sababu watu wa Gisenyi wamenihurumia vya kutosha, na kila pole waliyonipa imenikwama kooni. "Pole, ilikuwa ajali." Ajali gani! Ilikuwa mimi. Mtu amepoteza mguu kwa sababu yangu, na shemeji yangu nilimtia gerezani kwa mdomo wangu huu.

Jina langu siliandiki. Niite mwoga, ni haki yako.

Mimi ni mchuuzi wa vitambaa, nyumbani ni mtaa wa Majengo. Nilinunua kamioneti, gari dogo la mizigo, kuukuu, kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi Ulaya. Nikaweka kitanda cha mbao nyuma, jiko dogo la makaa, na marobota ya vitambaa chini ya kitanda. Mke wangu akashona mapazia. Nikawa nazunguka masoko, Ruhengeri, hata ng'ambo, Kongo, mpaka Rutshuru, nalala humohumo ndani. Wachuuzi wenzangu wanalala kwenye baraza za maduka, mimi nina pazia! Kichwa kikavimba.

Kisha nikapata pikipiki. Nilitaka gari libaki barabarani, mimi nipande na pikipiki kule vilimani ambako gari halifiki, niwapelekee watu kanga mpaka mlangoni. Lilikuwa wazo zuri, hata leo nasema. Kibaya kilikuwa haraka yangu na majivuno yangu.

Nyuma ya gari palikuwa na kichanja cha chuma. Alikiunga Saidi, fundi wa vyuma, mume wa mdogo wangu Mariamu. Alikiunga cha kubebea baiskeli. Nilipompelekea ile pikipiki, alikishika kichanja akakitingisha, akaguna.

"Hapana, shemeji. Hii chuma nilifanya ya baiskeli. Moto, hii pikipiki yako, iko nzito, itaivunja. Na hata isipovunjika, uzito wote utakuwa nyuma, mbele gari itakuwa nyepesi, usukani haitashika. Niachie mpaka juma ijayo, nitaweka ingine ya nguvu."

"Juma ijayo? Na soko ya kesho?"

"Kesho enda bila moto. Bon, kuna shida gani?"

Mariamu alikuwa amekaa mlangoni anachagua maharagwe. Akainua uso. "Kaka, musikilize. Soko haitakimbia."

Nikawacheka. Niliwaambia wanapenda kuogopa.

Asubuhi nikaipandisha pikipiki mwenyewe, nikaifunga kwa kamba za katani, nikaondoka. Na badala ya kushika njia moja kwa moja, nikapita kwanza kando ya ziwa, mbele ya mahoteli, polepole, watu waone. Hasira inanipanda nikikumbuka! Nilikuwa natafuta nini kule? Hakuna aliyekuwa ananunua kitambaa pale!

Na usukani niliusikia. Hili ndilo linalonichoma. Hata kwenye tambarare ulikuwa mwepesi mikononi, gari linaelea kama halitaki kunisikiliza. Nikajua Saidi alisema kweli. Lakini nirudi, Mariamu anicheke? Nikaendelea.

Kanama, kwenye soko nililokuwa naliendea, sikufika. Kwenye mpando mkali, pale barabara inapojipinda, nilikata usukani na gari halikukata. Nikakanyaga mafuta kwa nguvu. Gari likaruka, nikasikia chuma kinalia nyuma, kisha nikahisi gari limekuwa jepesi ghafla.

Kisha nikasikia mtu anapiga kelele. "Mana yanjye! Mana yanjye!" Anamwita Mungu wake kwa Kinyarwanda.

Alikuwa Karoli, muuza samaki wa Rubona, anasukuma baiskeli yake kupanda mlima, kikapu nyuma. Pikipiki ilishuka na kichanja chake, ikamkuta. Nilipomfikia, samaki wametapakaa barabarani na yeye amelala katikati yao, mguu umebanwa chini ya injini. Ee Mungu wangu! Wakulima wakaja mbio kutoka mashambani, tukainua, tukamlaza kwenye kile kitanda changu chenye mapazia, nikamrudisha mjini. Njia nzima alikuwa ananishika mkono. Hospitali wakaukata mguu.

Bwana mkubwa wa serikali akaja na askari, akaangalia kile chuma kilichovunjika. Akauliza swali moja tu: "Nani alifanya hii?"

Hapo ndipo ningeweza kuwa mtu. Nilikuwa na nafasi! Nikajibu, "Saidi, bwana. Aliniambia itabeba."

Aliniambia itabeba! Neno lilitoka kirahisi hivyo.

Wakamchukua karakanani, mikono bado ina masizi. Alinitazama, akangoja niseme neno. Nikatazama viatu vyangu.

Mariamu alinifuata nyumbani jioni ileile, hakukaa. "Kaka, mi nilikuwa pale. Nilisikia kwa masikio yangu. Kesho unaenda kwa bwana mukubwa unasema kweli."

"Nikisema wataninyang'anya gari. Nitakula nini? Saidi atatoka tu, ni muda mfupi."

"Donc bwana yangu apigwe fimbo, juu ya gari yako?"

"Usipige kelele, majirani wanasikia."

"Wasikie!"

Hakunigusa wala hakunitukana. Alivaa vizuri mtandio wake akatoka. Alikwenda mwenyewe kwa bwana mkubwa, wakamfukuza: mke wa mfungwa lazima amtetee mumewe. Nami nilikuwa najua watamfukuza! Nilitegemea hivyo!

Nikajifanya mwema. Nilikuwa nampelekea Karoli chai na sukari hospitalini. Akaniambia, "Asante, patron. We uko mutu muzuri. Lakini ule fundi, namulaani. Asubuhi namulaani, jioni namulaani." Na mimi, ibilisi, nikaitikia kwa kichwa.

Saidi alitoka gerezani amekonda, mgongo umeharibika. Vyombo vyake vya kazi vilikuwa vimechukuliwa, na hakuna mtu aliyetaka tena kumpa chuma aunge. Walihamia Goma, yeye na Mariamu, hawakuniaga. Ni hapo tu mpakani, mwendo wa miguu, lakini ilinichukua muda mrefu kujikaza kwenda.

Mariamu alinifungulia mlango nusu. Nilisikia Saidi akikohoa ndani.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Ulienda kwa Karoli?"

"Bado."

"Yeye anamulaani bwana yangu kila siku, na we unakuja huku kwanza? Enda."

Nikaenda Rubona. Nilimkuta Karoli kwenye mchanga, anashona nyavu za watu, gongo la kutembelea kando yake. Nikamwambia yote, nimesimama, bila kuficha. Nilifikiri atanirushia lile gongo. Ningefurahi! Akaacha sindano.

"Nimelaani mutu hana kosa," akasema. "Nimemuombea mabaya mbele ya Mungu, kanisani. Sasa hizo laana nitarudisha namna gani? Sema, patron. Namna gani?"

Akaniambia niondoke, na nikaondoka.

Nilikwenda hata ofisini. Bwana mkubwa alikuwa mwingine, kijana. Alisema kesi imekwisha zamani, akauliza kama nimelewa. Nimelewa! Mimi Mwislamu! Walipotaka mkosaji waliridhika na yeyote, na nilipojileta mwenyewe walinionyesha mlango!

Gari nimeliuza. Nimempa Karoli sehemu ya pesa, aliipokea bila kunitazama. Saidi amekataa kupokea kitu chochote kutoka kwangu.

Wewe unayesoma, kama una gari na unataka kubebesha pikipiki nyuma, weka chuma cha kutosha, na usukani ukiwa mwepesi, simama! Simama hapohapo, acha wacheke. Na kama umekwisha kuumiza mtu, na bwana mkubwa anauliza nani, jibu "mimi" saa ileile. Mimi nimelisema neno hilo Goma, nikalisema Rubona, nikalisema ofisini. Lilikuwa limechelewa, na mahali pote pale hakuna aliyelihitaji tena.