Kuku Waliomngoja Obonyo

Nduta wa Kahiga alikuwa na tabia moja iliyowatia kichefuchefu majirani zake wa mtaa wa Nyalenda. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alisoma kinyesi cha kuku. Jioni alitandaza kurasa za magazeti makuukuu juu ya maranda, na kukicha alichuchumaa bandani, miwani puani, akachunguza kurasa hizo tone kwa tone. Kinyesi kikiwa kigumu, chenye kikofia cheupe, alimshukuru Mungu. Kikiwa majimaji, hakunywa chai siku hiyo.

Msimcheke. Mara mbili alikuwa amepoteza vifaranga wote kwa ugonjwa wa utumbo, akawafukia kwa mikono yake, na mara ya pili nusura afunge virago arudi kwao Murang'a. Hawa mia moja na ishirini walikuwa jaribio la tatu na la mwisho. Aliapa kwamba hakuna hata mmoja atakayekufa bure.

Siri ya afya yao ilikuwa unga alioupata kwa Enos, muuza dawa za mifugo.

"Ni asidi amino hizi, Mama," Enos alimweleza. "Lisini inajaza kifua. Threonini inatengeneza ule ute wa kupaka utumbo, ndio viini visipate mahali pa kushika. Kuku ni utumbo. Hayo mengine yote ni manyoya tu."

Nduta alilishika neno hilo kuliko mahubiri ya Jumapili. Kuku wakanawiri, na walipofika siku thelathini akaja mama mmoja mpole aitwaye Selpha, akawaagiza wote. Mumewe, Obonyo, alikuwa amefariki. Angezikwa kwao Ahero Jumamosi ijayo, na waombolezaji lazima wale. Nduta akampa pole, na akampa neno lake.

Jumamosi ikafika, lakini mtoto wa marehemu aliyeko ng'ambo hakufika. "Ni Jumamosi ingine, hakuna kukosa," akasema Mzee Okinyi, kaka wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Jumamosi hiyo ingine mvua ilinyesha, uwanda wa Kano kule Ahero ukageuka ziwa, na kaburi likajaa maji hadi pomoni. Jumamosi ya tatu ardhi ilikuwa kavu, lakini wazee walikuwa hawajakubaliana nani atangulie kuhutubia.

Sasa, kuku wa nyama haelewi habari ya kuahirisha. Ameumbwa ale, anenepe, na afe kwa tarehe. Hoteli za mjini, zinazotaka kuku mdogo wa kuingia kwenye sufuria, ziliwatazama wa Nduta na kutikisa kichwa. Siku ya hamsini, jogoo mmoja aliamka, akakitazama chakula kwa mapenzi, akaanguka akafa. Moyo ulikuwa umeshindwa kukisukumia damu kifua kile. Kesho yake akafuata mwingine.

"Punguza chakula, na lisini uache kabisa," Enos akashauri. "Lakini threonini usiguse. Kifua kilale, utumbo ukeshe."

Nduta akafanya hivyo, kisha akafanya jambo ambalo hakuna muuza kuku aliyewahi kulifanya. Alikwenda kwenye mkutano wa kamati, akaketi mbele kabisa, na kuuliza Obonyo atazikwa lini. Akaenda tena kesho yake, na kesho kutwa. Alikuja na mizani. Alikuja na kurasa zake za kinyesi, akawatandazia wazee mezani wajionee. Katibu wa kamati, kijana nadhifu aitwaye Cliff, mwanzoni aliandika suala lake chini kabisa, kwenye Mambo Mengineyo. Baada ya wiki moja kuku walikuwa ajenda ya kwanza, mbele ya sala.

"Huyu mama Mkikuyu ni nani wa marehemu?" watu wakaanza kunong'onezana.

Cliff akatumwa kukagua kama kweli kuku wapo. Aliwakuta, wakubwa, wakimkodolea macho. Alikuta pia, ukutani juu ya bruda ya kulelea vifaranga, picha ya Obonyo akitabasamu, amevaa suti yake. Zilikuwa picha tatu. Maana kila mazishi yalipoahirishwa tangazo lilitoka upya gazetini, na magazeti makuukuu ya Nduta yalikuja nalo. Aliona si heshima kuku wamnyee marehemu wanayemngojea, kwa hiyo alizikata kwa makasi, akazibandika. Cliff akaondoka, akaenda kuisimulia kamati alichokiona.

Mazishi yakafanyika hatimaye kuku wakiwa na siku sitini na tatu. Nduta aliwafikisha Ahero mia na kumi na nane, wote hai. Wapishi walipompasua wa kwanza, aliomba utumbo. Akaunyanyua juani. Ulikuwa wa waridi, laini, imara, bila doa wala uvimbe. Aliwakumbuka wale aliowafukia, akaukumbatia utumbo ule na kulia kwa sauti.

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Mzee Okinyi akashika kipaza sauti.

"Jamani, tumeona. Mtu hawezi kupigania maiti ya mtu baki namna hii. Ndugu yetu alikuwa na nyumba ya pili, na sisi hatumfukuzi mama. Leteni kiti."

"Mzee, mimi ni wa kuku tu," Nduta akasema, utumbo bado mkononi.

"Ndio, Mama. Tunajua," Okinyi akajibu kwa upole mkubwa, na kiti kikawekwa ubavuni mwa Selpha.

Nduta alitaka ardhi immeze. Selpha akamshika mkono, ule uliokuwa msafi, akamvuta karibu na kumnong'oneza.

"Najua hukumjua. Lakini kaa. Mwezi mzima, ni watu wawili tu walikuwa wanauliza kila siku huyu mtu atazikwa lini. Mmoja ni mimi."

Nduta akaketi. Akalia tena, na safari hii hakuwa analilia kuku.