Toba Isiyofika Nakivubo

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Nakivubo, mwanangu, nilipojua kwamba magoti yaliyozoea sakafu ya kanisa yanaweza kuyakataa matope ya sokoni. Mimi sikusoma, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia, nami nimemwonya asiipunguze aibu yangu hata kidogo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu ameketi hapa na kalamu, basi na asikie, maana ana sababu zake za kusikia.

Nilikuja Kampala kutoka Kenya nikiwa mwanamke kijana, nikauza chai na mandazi karibu na kituo cha teksi, ndivyo huku wanavyoziita matatu. Jirani yangu wa kibanda alikuwa Mama Zainabu, Mnubi, Mwislamu mwenye mkono mtamu kwa sambusa. Desturi yetu ilikuwa hii: atakayetangulia kuwasha jiko humgawia mwenzake makaa ya moto juu ya kifuniko cha bati. Tuliishi hivyo miaka, wala hakuna aliyeuliza zamu ni ya nani.

Kisha husuda ikaniingia. Madereva walipanga foleni kwake. Kwangu walitaka chai ya kuteremshia tu. Siku moja nikamnong'oneza mmoja wao kwamba nyama ya sambusa zile ni mabaki ya jana. Nilijua ni uongo, kwani kila alfajiri nilimwona akiikatakata nyama mbichi. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa. Neno lile lilizunguka kituo kizima kabla chai yangu haijapoa, na haikuchukua muda Mama Zainabu akawa anarudi nyumbani na sinia lililojaa. Hakujua ni nani aliyemchoma. Aliendelea kunipa moto.

Dhamiri haikuniacha. Kule Kisugu, katika ushirika wetu wa walokole, ni desturi mtu kusimama na kutubu mbele ya wenzake. Nikasimama, nikalia: "Nimemsingizia jirani yangu!" Watu wakaimba, wakanikumbatia. Ee mwanangu, ilikuwa tamu! Tamu hata nikaitubu tena dhambi ileile, nikiipamba kwa maneno. Wageni wakawa wanaambiwa, "Ngojeni mmsikie dada huyu, toba yake ina machozi."

Jaja Eseza, bibi mzee wa Kiganda aliyetuongoza, akaniita pembeni.

"Nyabo," akasema, akiniita mama kwa Kiganda, "huyo jirani anakaa benchi gani hapa?"

"Hayupo, Jaja. Ni Mwislamu."

"Basi wewe unakuja kutufunga sisi kidonda, na mwenye kidonda umemwacha sokoni."

"Mungu amenisamehe, Jaja."

"Amekusamehe, ndiyo. Sambusa zake zimenunuliwa?"

Nilikasirika, nikamwona mkali kupita kiasi. Lakini kesho yake nikamsikia Mama Zainabu akimwambia msimamizi wa vibanda kwamba juma likiisha ataiachia nafasi yake mtu mwingine. Kwa jiko lile alikuwa akiwalea watoto wake wote.

Huku Buganda mwanamke humsalimu mkubwa wake kwa kupiga magoti, jambo nililolicheka tangu nifike. Sisi kwetu, nilizoea kujigamba, tunasalimiana wima. Asubuhi ile ya mvua nilipiga magoti matopeni, mbele ya jiko lake.

"Eh, mama chai," kondakta mmoja akapaza sauti, "leo umehamia kwa Waganda?" Watu wakacheka.

"Mama Zainabu," nikasema, "aliyesema nyama yako imelala ni mimi. Nilisema uongo."

Alinitazama mpaka mafuta yakaanza kunuka kuungua. "Mimi unaniambia ya nini? Nyama yangu naijua. Waambie hao."

Hao walikuwa madereva. Nikainuka na matope yangu, nikawageukia, nikayasema maneno yaleyale. Hakuna aliyeimba. Nikachukua sambusa, nikaila mbele yao wote.

"Na chai yako tuiamini vipi?" akauliza dereva mmoja, naye alikuwa na haki. Wengine hawakunywa kwangu tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mama Zainabu hakuondoka. Lakini moto hakunipa tena. Kila mmoja wetu aliwasha jiko lake kimya, nami sikumharakisha, kwa kuwa mkosaji hapangi siku ya kusamehewa. Ndipo asubuhi moja makaa yangu yalipoloa, nikawa napuliza moshi huku macho yakinitiririka, nikaona kifuniko cha bati kimewekwa mbele yangu, makaa mekundu juu yake.

"Chukua, wewe mama wa kulia," akasema. "Machozi hayachemshi chai."

Mwanangu, tubu kwa Mungu kila siku, lakini usimfanye Mungu kichaka cha kumkimbia uliyemkosea. Irudie njia uliyoipitisha dhambi yako. Itaje kwa jina lake, bila mapambo, mahali ulipoitenda. Kisha nyamaza, usubiri. Toba yako ikianza kusifiwa, ichunguze kama unavyochunguza maziwa yaliyokaa juani. Kuinama mbele ya wanaokushangilia ni rahisi. Jifunze kuinama pale ambapo wanakucheka. Wala usikate tamaa ukiwa umeharibu, kwani kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mungu akupe magoti yasiyochagua sakafu. Akupe wazee wa kukukemea wangali hai, na jirani atakayekuletea moto siku makaa yako yatakapoloa.

Nawe unayeandika, weka kalamu chini. Dada yako uliyemkosea yuko jikoni, namsikia akigonganisha masufuria. Nenda kwake kwanza. Amina tutaiandika ukirudi.