Jino Lililojificha Nyuma

Jino langu la juu la mbele, la ukubwani, liliota vibaya miezi michache kabla ya mama kujifungua. Nilikuwa na umri wa miaka saba, tukiishi Lyamkena, na baba alikuwa kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Badala ya kushuka mbele ya meno ya chini, jino lilishuka nyuma yake, na kila nilipofumba kinywa taya la chini lilitangulia. Shuleni wasichana wenzangu walifurahi. "Sukuma droo ndani, mwalimu anakuja!" waliniambia wakionyesha taya langu, nami nikacheka nao. Bibi, aliyemzaa baba, hakucheka. Hakuwahi kukosa ibada hata Jumapili moja. Hata hivyo jino lile alilitazama kama mtu aonaye moshi mahali pasipo na nyumba.

"Jino linalojificha linangoja kumchukua mtu," alimwambia mama mbele yangu. "Ling'olewe kabla mtoto hajazaliwa."

Mama alinipeleka kwanza zahanati ya misheni. Dresa, mganga msaidizi wa pale, alichukua kikapu chetu, akakifunika na kukifunua.

"Mfuniko hukaa nje ya kikapu," alisema. "Meno ya juu ni vivyo hivyo. Huyu mfuniko wake umeingia ndani."

"Bibi yake anataka ling'olewe."

"Mama, hili ni la ukubwani. Likitoka halirudi."

Akachonga kipande bapa cha mwanzi na kunionyesha: ncha nyuma ya jino, kijiti kiegemee meno ya chini, ning'ate polepole huku nikihesabu hadi ishirini, nipumzike, nirudie, asubuhi na jioni. Mfupa unaoshika jino si jiwe, alieleza. Ukisukumwa taratibu hulegea mbele na kujijaza nyuma. Lakini lazima jino liwahiwe kabla halijashuka lote. Likishajifunga dawa yake ni nyaya, na wenye kuzifunga wako mbali. Nyaya nilikwisha kuziona Makambako, kinywani mwa msichana wa Kizungu aliyeshuka garini kunyoosha miguu. Nilidhani amefungwa kwa kosa la kusema uongo.

Bibi alikubali kungoja, kwa sharti kwamba atanikagua kila Jumapili.

Mwanzi uliniumiza. Ufizi ulivimba, mate yakanitiririka hadi kidevuni, na kabla ya wiki kwisha niliutupa nyuma ya ghala. Nilikuwa nimegundua kwamba nikilivuta taya nyuma kwa nguvu, ncha za meno hukutana, na kwa macho ya Bibi yaliyoingia ukungu jino lilionekana limeanza kupita. Jumapili tatu nilimdanganya hivyo. "Linakuja," alisema. Nisijitetee kwa utoto: nilimwamini Bibi kabisa, nikijua ninachokichezea ni uhai wa mama, na bado nilivuta taya.

Uchungu ulimshika mama alfajiri. Kufikia adhuhuri mkunga alikuwa ameinua mikono, na lori la magome ya miti ya miwati likatuchukua sote watatu hadi hospitali, Njombe. Mama akaingizwa ndani. Mimi na Bibi tukakaa kwenye benchi nje ya wodi, tukimsikia akilia, kisha tusimsikie tena.

"Fungua mdomo," Bibi akasema. "Sasa ng'ata. Na usivute."

Niling'ata. Taya lilikwenda mbele lenyewe.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Bibi."

Hakunipiga. Alifungua pindo la kanga, akatoa kile kijiti; alikuwa amekiokota asubuhi ile alipofuata kuni nyuma ya ghala. "Haya," alisema. Nikang'ata na kuhesabu, nikapumzika, nikarudia, huku wodi ikiwa kimya. Nilikuwa nimefika kumi na saba mtoto alipolia.

Mama alipona, na mdogo wangu akakua. Jino lilivuka kabla ya mavuno, kwa kuwa Bibi alinisimamia kila asubuhi. Lakini kila mdogo wangu alipokohoa, Bibi alinitazama mdomoni, hadi siku alipofariki.

Chuo kikuu kilinifundisha kutenganisha tukio na sababu yake, na somo hilo nimelifundisha wengine. Juma lililopita mdogo wangu alilazwa. Nikiwa nangoja kwenye ushoroba, nilijikuta nimeweka kalamu nyuma ya jino lile, nahesabu. Nilifika kumi na saba, nikaogopa kuendelea.