Siku Niliyohesabu Ng'ombe wa Kina Nashipae

Enzi zetu huko nyikani Handeni, mtoto alikwenda shule na fagio la chelewa mkono mmoja, daftari mkono wa pili, na kwa kuwa mkono wa tatu hatukujaliwa, kidumu cha maji kilikaa kichwani. Maji yalikuwa shida, na aliyefika na kidumu kitupu alijua kitakachompata. Nikiwasimulia wajukuu zangu huniuliza kwa nini hatukupanda bodaboda. Nawaangalia tu.

Tulikula bada, ule ugali wetu wa mhogo, kwa mlenda unaovutika hadi kidevuni, kisha tukacheza rede mpaka magoti yakawa na rangi ya uwanja. Mwenzangu wa rede alikuwa Nashipae, mtoto wa wafugaji wa Kimasai wenye boma ng'ambo ya korongo. Alikuwa na miguu mirefu na shabaha ya ajabu. Ukizubaa kidogo, mpira umekupata mgongoni. Nilimpenda kuliko dada zangu wa kuzaliwa, na dada zangu walilijua hilo.

Darasani ndiko mambo yalikomgeukia. Tulikuwa darasa la tatu, na hesabu tulifundishwa na Mwalimu Shemdoe, Msambaa wa Mpale, kule Korogwe. Alipenda kutumia vitu vya nyumbani kwetu. Mimi, Mzigua, niliulizwa magunia ya mahindi ya baba. Nashipae akaulizwa, "Kwenu mna ng'ombe wangapi?"

Akanyamaza. Siku ya pili akaulizwa tena, akanyamaza tena, kichwa chini. Hata asubuhi, wakati sisi tunapaza shikamoo mwalimu, yeye alisogea mbele ya mwalimu na kuinamisha kichwa, akingoja kitu ambacho hakikuja. Mwalimu akaona ni ukaidi. Siku moja akasema mbele yetu sote, "Huyu hesabu hana. Mwakani atarudia darasa."

Iliniuma, na mimi tangu utoto nina kimbelembele. Jumamosi jioni nikaenda bomani kwao wakati ng'ombe wanarudi. Nikasimama kando ya lango la miiba, nikaanza kuwanyooshea kidole mmoja mmoja, kwa sauti: moja, mbili, tatu. Nilitaka Jumatatu nimnong'oneze rafiki yangu jibu. Nashipae alikuja mbio akakishika kidole changu. Bibi yake aliacha kukamua, akasema neno moja kwa Kimasai, na boma zima likanigeukia. Idadi niliyofikia siisemi hata leo.

Kesho yake ndama mmoja akafa kwa kuharisha. Jumatatu Nashipae hakuja shule. Kaka yake ndiye aliyenieleza tulipokutana kisimani: kwao mifugo na watoto hawahesabiwi kwa kunyooshewa kidole, maana anayehesabu anaita balaa. Baba yao alikuwa amesema kwamba shule inayotuma watoto kuhesabu mali za watu haina heri, na binti yake haendi tena.

Siku tatu chakula hakikushuka. Mama alidhani ni malaria, akanichemshia mwarobaini, nikaunywa kwa sababu niliona nastahili uchungu ule. Alhamisi nikamwendea mwalimu, nikamweleza yote huku nalia. Nilitegemea fimbo. Badala yake akauliza, "Kwa hiyo mtoto alikuwa analijua jibu?"

"Analijua, mwalimu. Ng'ombe mmoja akipotea anamtaja kabla kundi halijamaliza kuingia."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Mama yangu kule Mpale," akasema, "ukimuuliza ana watoto wangapi, anakujibu, 'Wapo.' Mimi nimekulia mle ndani. Nimesahau vipi?"

Jioni ile akasukuma baiskeli kwenda bomani, mimi nyuma yake. Njiani akaniambia, "Ukifika, salimia kama anavyosalimia Nashipae." Nikafika mbele ya bibi yake Nashipae, nikainamisha kichwa. Nilikuwa naziona kwato za ng'ombe na nyayo za bibi tu. Kisha nikausikia mkono wake utosini, mzito na wenye harufu ya maziwa, na akanitemea mate kidogo ya baraka. Baba yake akacheka, akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu, huyu mtoto wako ana kidole kirefu." Sijawahi kupumua kama nilivyopumua jioni ile.

Mwalimu alikaa pale hadi jua likazama. Aliuliza wazee wametokea wapi, walihamia kwetu kwa sababu gani, na ng'ombe wanaitwaje. Tulipoondoka, yule baba alisema tu, "Kesho atakuja."

Akaja. Na hesabu zikabadilika. Mwalimu aliandika ubaoni wekundu, wenye mabaka, weusi wenye paji jeupe, kisha akauliza, "Wamerudi hawa na hawa. Nani hayupo?" Nashipae alijibu kabla chaki haijawekwa chini, na sisi wa magunia tukabaki tunahangaika na vidole. Asubuhi mwalimu akawa anamgusa kichwa. Akatutuma pia tukawaulize bibi zetu wana wajukuu wangapi. Bibi yangu alinikazia macho: "Wapo. Kwani ninyi maboga?" Kumbe hata sisi! Nashipae hakurudia darasa.

Niliposomea ualimu, chuoni walitufundisha sosholojia, anthropolojia na historia, na wenzangu walinung'unika kwamba vitatusaidia nini mbele ya watoto sabini na chaki moja. Mimi niliikumbuka ile baiskeli. Sasa nimestaafu hapa Korogwe, na walimu vijana huja kunisalimia, simu mkononi. Mmoja aliniambia ana mtoto mzito darasani, hajibu kitu. Nikamuuliza kama amefika kwao. Akasema huko hakuna mtandao. Wanajua majina marefu ya masomo kuliko sisi, na nawapenda, ila nikipita njia zile za korongoni siku hizi sikutani na mwalimu.

Mwezi uliopita Nashipae alinitembelea, kajaa mvi kama mimi, kibuyu cha maziwa begani. Tulipokuwa tunakunywa chai, swali la kawaida la wazee likanifika mdomoni: umejaliwa watoto wangapi? Nikalimeza.

"Watoto hawajambo?" nikauliza.

Akatabasamu, kwa sababu alikuwa ameniona nikimeza. Kisha akaanza kuwataja jina kwa jina, yupi yuko wapi, yupi anafundisha hesabu. Nikamsikiliza hadi wa mwisho, vidole vyangu nimevikalia.